Wafu wa Kilwa Katika Kitabu cha Tabibu

Wasomaji wengi wa gazeti hili hawajapata kukiona kitabu nitakachokisema leo, wala si ajabu, kwa maana kiliandikwa kwa Kiingereza na kupigwa chapa London mwaka 1876 na jumba la Macmillan. Jina lake ni Cholera Epidemics in East Africa, yaani habari za kipindupindu jinsi kilivyoenea katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki tangu mwaka 1821 hata mwaka 1872. Mtungaji wake ni James Christie, tabibu aliyekaa Unguja miaka kadha wa kadha akawa mganga wa Sultani. Kitabu ni kinene, na maneno yake mengi ni ya elimu ya uganga, yenye kumchosha msomaji asiye mganga. Mimi nilikisoma kwa miezi mitatu, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya watoto, tena kurasa nyingine nilizirudia mara mbili ndipo nikaelewa.

Nisingethubutu kukikosoa kitabu cha mtu mwenye elimu kunipita, lakini nimelazimishwa na swali la mzee mmoja. Jioni ya Jumapili hapa Mitwero tulikuwa tumeketi barazani, nami nikawa nawasimulia wazee yale niliyoyasoma: jinsi ugonjwa ulivyotoka mbali, ukapita Uarabuni na Uhabeshi, ukashuka Umasaini, ukafika Pangani, ukavuka Unguja, kisha ukaja Kilwa. Wote walistaajabu. Mzee mmoja tu hakusema neno. Mama wa bibi yake alitoka upande wa Nyasa, na namna alivyoletwa pwani kila mtu kijijini aijua ijapokuwa hapana aisemaye. Nilipokwisha, akaniuliza, "Mwalimu, na wale waliofungwa minyororo pale Kivinje, walikufa wangapi?" Nikamjibu, "Mzee wangu, nipe siku mbili nitazame kitabuni." Nikatazama siku mbili, nikatazama na juma zima.

Kabla ya kusema nilichokikosa, ni haki nianze kwa sifa, kwa sababu kitabu hiki kina sifa kubwa. Katika zama zile matabibu wengi wa Ulaya waliamini kwamba kipindupindu huzaliwa na hewa mbaya itokayo katika matope na takataka zinazooza. Wengine walisema huletwa na upepo, au na majira ya mwaka. Watu wa pwani nao walikuwa na imani iliyofanana na hiyo, kwamba ni upepo mchafu upitao juu ya mji. Christie alifanya kazi nyingine. Aliuliza watu. Aliwauliza wafanya biashara waliokwenda Umasaini kutafuta pembe, na manahodha, na mabalozi, ugonjwa uliwakuta wapi, mwezi gani, na nani alitangulia kuugua. Majibu yao akayapanga kama mtu apangaye shanga uzini. Hata alipokwisha, ikaonekana wazi kwamba ugonjwa haukwenda mwendo wa upepo. Ulikwenda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu na mwendo wa jahazi.

Mara nne uliifikia pwani yetu katika miaka aliyoichungua. Mwaka 1817 ulianza kuenea kutoka Bengali katika Bara Hindi, na mwaka 1821 ukafika Maskati na pwani hii. Ukarudi mwaka 1836 na 1837. Ukarudi tena mwaka 1858 na 1859. Mara ya nne ndiyo aliyoiona kwa macho yake. Mwaka 1865 ugonjwa uliwaua mahujaji wengi sana Makka. Kutoka pwani za Bahari ya Shamu ukaingia Uhabeshi. Ukashuka kusini polepole, miaka mizima, katika nchi za wafugaji. Huko ukakutana na misafara ya Pangani. Mwezi wa Novemba 1869 ulikuwa Unguja. Baada ya hapo ukashuka pwani ya kusini hata Kilwa, na visiwa vya Ngazija, na Msumbiji. Bara nako ulikwenda na misafara: Livingstone, aliyekuwa Manyema mwaka 1870, alizipata huko habari za kipindupindu, na katika wapagazi waliotumwa kutoka Unguja kumpelekea vitu, wako waliouawa na ugonjwa huo njiani.

Leo twajua kwa nini Christie alikuwa na haki kuufuata mguu wa mtu. Kipindupindu ni kijidudu kinachokaa katika matumbo ya mgonjwa na kutoka na choo chake. Kikiingia kisimani au mtoni, anayekunywa maji yale hukimeza. Kwa saa chache au kwa siku chache mtu huharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele, hutapika, mishipa ya miguu humkaza, macho huingia ndani, sauti hupotea, naye aweza kufa kabla jua la siku ile halijatua, kwa sababu mwili umekaukiwa maji. Mwaka 1854 tabibu John Snow alionyesha London kwamba waliokufa katika mtaa mmoja walikuwa wamekunywa maji ya pampu moja. Mwaka 1883 na 1884 Robert Koch, Mdachi, alikipata kijidudu chenyewe, kwanza Misri, kisha Bara Hindi. Christie aliandika kabla ya hayo ya Koch. Basi tusimlaumu kwa kutojua alichokuwa hajakijua mtu yeyote wa kwao. Dawa iliyo bora siku hizi, yaani kumnywesha mgonjwa maji yenye chumvi na sukari kwa kadiri, au kumtilia maji mshipani akiwa hoi, haikuwa imekamilishwa bado. Waganga wa zamani zile walitoa afyuni na dawa za kuendesha, na nafikiri wagonjwa wengine walipona kwa kuzikimbia.

Tena mtungaji huyu alikuwa na sikio la kusikia maneno ya watu. Miaka michache baada ya kitabu hiki aliandika juu ya homa ya dengi, akasema kwamba jina hilo, ambalo sasa linatajwa dunia nzima, asili yake ni neno la Kiswahili alilolisikia Unguja, kidinga pepo. Wako wanaobisha, lakini hoja yake ingali inasomwa. Nasi watu wa kusini tunayo sababu ya kutabasamu hapa, kwa maana mwaka 1952 na 1953 homa nyingine ya kuvunja viungo ilipoenea katika nchi ya Wamakonde, matabibu waliichukua kwa jina la Kimakonde, chikungunya, lenye maana ya kujikunja, kwa sababu mgonjwa hutembea ameinama. Leo jina hilo latajwa Marekani na Bara Hindi na watu wasiojua Newala iko upande gani.

Hizo ni sifa, na sizitoi kwa adabu tu. Sasa nalirudia swali la mzee.

Kilwa Kivinje katika miaka ile ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa kuliko zote za pwani hii. Misafara ilitoka Nyasa na nchi za Wayao, ikatembea majuma na miezi, ikashukia Kivinje, na kutoka hapo majahazi yakawapeleka watu Unguja na kwingineko. Kila kichwa kililipiwa ushuru forodhani. Na kwa kuwa kililipiwa, kiliandikwa. Hesabu ya forodha ya Kilwa ya miaka mitano, tangu mwaka 1862 hata 1867, iliwekwa mbele ya wajumbe wa Bunge la Uingereza mwaka 1871. Watu 76,703 walipelekwa Unguja, na 20,500 walipelekwa mahali pengine. Jumla yao ni 97,203. Nawaomba wasomaji waitazame hesabu hii, hasa mwisho wake. Haikuandikwa "karibu laki", wala "wengi sana". Iliandikwa hata mtu wa tatu. Karani wa forodha hakutaka mtu watatu wampite bila ushuru.

Basi mji ulioweza kuhesabu hivyo ulipigwa na kipindupindu mwaka 1859, ukapigwa tena katika ugonjwa ulioanza mwaka 1869, na hesabu ya wafu haiko. Yako makisio ya wasafiri na ya mabalozi, ya juu na ya chini. Daftari hakuna. Forodha iliyomwandika mtu aliyepanda jahazi haikumwandika mtu aliyekufa kabla ya kulipanda, kwa maana maiti haina ushuru.

Habari ya mwaka 1859 twaijua kwa Richard Burton, msafiri Mwingereza, aliyefika Kilwa mwezi wa Februari pamoja na mwenzake Speke, wakitaka kuutazama mto wa Rufiji. Ugonjwa ulizuia shauri lao na kuwaua wengi wa mabaharia wao. Burton ni mtu ambaye simpendi katika maandishi yake, kwa maana aliwadharau watu weusi na hakuona haya kuandika dharau hiyo. Lakini jicho lake lilikuwa kali, na kitabu chake cha Unguja, kilichotoka mwaka 1872, kimetuwekea jambo moja ambalo kitabu cha tabibu kinaligusa kwa mbali. Asema kwamba maiti zililala makorongoni, na mmoja aliegemea ukuta wa forodha yenyewe. Maskini walikokotwa kwa mguu juu ya mchanga, wakatupwa majini maji yakitoka. Wenye nafuu walishonwa katika jamvi wakachukuliwa kama watu walalao katika machela, lakini nao wakapelekwa bahari ile ile.

Mimi nimefika Kivinje, nikasimama pwani wakati wa maji kupwa. Asiyepajua asidhani bahari ya hapo ni ya kina karibu. Maji hutoka mbali sana, hubaki matope na mikoko, kisha hurudi. Mtu aliyetupwa hapo maji yakitoka hakwenda mbali. Burton hakuliandika hilo, naye Christie hakulifikiri, lakini wenyeji wa Kivinje walilijua, kwa maana kesho yake walishuka pwani kutafuta kaa na chaza.

Hapa ndipo ugomvi wangu na kitabu unapoanza. Christie aijua njia kuliko mtu yeyote. Asema ugonjwa ulichukuliwa na biashara, na ndivyo ilivyokuwa. Lakini biashara ya Kilwa ilikuwa biashara ya watu, na katika kitabu watu hao wamekuwa sehemu ya njia. Wanatajwa kama yatajwavyo majahazi na pepo za misimu: ni vitu vilivyochukua ugonjwa. Mashahidi wake wakubwa ni wenye mali na wenye misafara na mabalozi. Mtu aliyefungwa humwoni akisimama kusema alichokiona.

Tena kwa kutomwuliza huyo, tabibu alipotewa hata na elimu yake ya uganga. Fikirini ninyi mnaojua maisha ya kijiji. Watu waliofika kutoka Nyasa wamechoka, wamekonda kwa njaa ya njiani, wamewekwa katika vibanda vya kungojea jahazi. Mtu aliyefungwa shingo na mwenziwe hawezi kuondoka kwenda mbali akishikwa na tumbo. Huchafua mahali alipolala, na mwenziwe amelala hapo hapo. Maji huletwa na yule aletaye, katika chombo kimoja. Ikiwa chombo kile kimeingia uchafu, wote wamekunywa. Jambo ambalo London lilihitaji ramani ya mtaa mzima na pampu yake, Kivinje lilionekana katika kibanda kimoja na mtungi mmoja. Angalimwuliza mtu aliyetoka hai katika kibanda kile, nani alianza kuugua na nani alifuata na maji yalitoka wapi, huenda angaliandika kurasa ambazo matabibu wa Ulaya wangezisoma kwa mshangao. Kwa wenye misafara aliuliza maswali hayo hayo. Kwa waliofungwa hakuyapeleka.

Yuko atakayenipinga akisema, "Mwalimu, wamwonea mtu. Tabibu alikaa Unguja, ugonjwa uko Kilwa. Watumwa wangesema naye kwa lugha gani?" Pingamizi hili nililifikiri sana, kwa kuwa sipendi kumlaumu mtu aliyekufa kwa jambo asiloliweza. Lakini jibu liko Unguja kwenyewe. Wamisionari wa Universities' Mission walifika hapo mwaka 1864 na Askofu Tozer. Mwaka ule ule Sultani Majid aliwapa wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, na baada yao wakaja wengine wengi, waliokamatwa baharini na manowari za Kiingereza. Watu hao walikaa mjini, walijifunza kusoma, walibatizwa wakaandikwa katika daftari ya ubatizo. Wengi wao walikuwa wamepita Kilwa. Christie alikaa katika mji huo huo. Kutoka nyumbani kwake hata kwao haikuwa safari ya msafara.

Na hapa pana jambo linalotugusa sisi wa Lindi kabisa. Mwaka 1876, mwaka ule ule kitabu hiki kilipotoka mashineni London, Askofu Steere aliwachukua watu waliokombolewa kutoka Unguja, akawashusha Lindi, wakatembea bara wakitaka kurudi upande wa Nyasa. Walipofika Masasi waliona nchi ni njema, wakakaa, na huo ndio mwanzo wa Masasi kama tuijuavyo katika Kanisa. Watu hao walipita pande zetu hizi. Mtu aliyetaka kujua yaliyokuwa katika vibanda vya Kivinje angaliweza kuketi nao chini ya mwembe akaandika. Kitabu kilikuwa madukani tayari.

Lakini nikimkosoa tabibu peke yake nitakuwa mnafiki, kwa maana sisi wenyewe wa pwani tumefanyaje? Wazee wetu wanazo habari za maradhi makubwa. Wanajua jina la waba na jina la tauni, wanajua mwaka wa ndui. Watasimulia jinsi mji ulivyozungushwa kwa kisomo na kwa ng'ombe wa sadaka, na jinsi mashehe walivyosoma usiku kucha. Nasi Wakristo twasimulia jinsi kengele ilivyopigwa na sala zilivyosaliwa. Watataja majina ya wakubwa waliokufa, na nyumba zilizofungwa kwa kukosa mrithi. Muulize mzee kuhusu watumwa wa nyumba zile, atageuza mazungumzo. Pengine ni kwa haya. Pengine ni kwa adabu, asimuumize aliyeketi karibu, kwa maana katika kila baraza yupo mjukuu wa aliyenunua na mjukuu wa aliyenunuliwa, nao huitana ndugu, na ndivyo ipasavyo. Lakini kimya hicho kimefanya kazi ile ile iliyofanywa na karani wa forodha. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Methali hii sikupata kuipenda tangu nilipokuwa mwanafunzi. Katika harusi watu huitwa kwa majina yao.

Yaliyofuata baada ya ugonjwa wa mwaka 1870 nayo ni mambo ambayo kitabu kinayapita haraka kuliko nilivyotaka. Huko Unguja wenye mashamba walipotewa na watumwa wengi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikubwa kikang'oa mikarafuu. Shamba likitaka kupandwa upya lataka mikono, na mikono ya zamani imezikwa, au imetupwa baharini. Basi ugonjwa uliopunguza watumwa uliongeza haja ya kuwatafuta wengine. Haikukoma hata tarehe 5 Juni 1873, Sultani Barghash alipotia mkono mkataba wa kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga soko la Unguja. Na hata baada ya hapo misafara ilipita nchi kavu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Sultani huyo huyo baadaye alileta maji safi mjini Unguja kwa mifereji. Mimi kama ningaliandika sura ya mwisho ya kitabu kile, ningaliyaweka mambo haya mawili pamoja, maji na watu, kwa sababu mji waweza kujifunza kusafisha maji yake kabla haujajifunza kuwahesabu watu wake.

Mazoea ya kutohesabu yaliendelea. Katika vita vikuu vya kwanza, majeshi yalipopigana Mahiwa mwezi wa Oktoba 1917, nyuma yao walikuwapo wapagazi waliochukua risasi na vyakula. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliokufa katika vita vile vya Afrika ya Mashariki hukadiriwa karibu laki moja, na walio wengi waliuawa na maradhi, si na risasi. Wa upande wa Wadachi hesabu yao haijulikani kwa hakika. Mwisho wa mwaka 1918 ikaja homa ya mafua iliyozunguka ulimwengu mzima, ikawapata askari na wapagazi waliokuwa wanarudi makwao, nao wakaifikisha vijijini. Wanahistoria hukisia kwamba iliua watu 50,000 hata 80,000 katika nchi hii. Tazameni pengo lililo katikati ya makisio hayo: watu 30,000 ambao hatujui kama walikufa au hawakufa. Mji mzima waweza kutumbukia katika pengo hilo pamoja na shule zake na makaburi yake.

Sisemi kwamba hakuna kilichotengenea. Kipindupindu cha siku hizi, kilichoanza kuzunguka dunia mwaka 1961, kilifika Tanzania mwaka 1974 na hakijatuacha kabisa. Lakini mwaka 1997, uliokuwa mbaya sana, twaambiwa waliougua walikuwa 40,249, na waliokufa 2,231. Hesabu hii inafanana na ile ya forodha kwa ukamilifu wake, na tofauti ni kwamba safari hii aliyeandikwa ni mgonjwa. Mganga wa zahanati ya kijiji aliandika, wilaya ikajumlisha, mkoa ukajumlisha. Kwangu mimi jambo hili ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Wala halina dhamana ya kudumu. Ulipokuja ugonjwa wa korona mwaka 2020, taifa lilitangaza wagonjwa 509, kisha kuanzia mwezi wa Mei hesabu zikasimama, zisitangazwe hata mwaka 2021. Katika kimya hicho, mwezi wa Machi 2021, katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki alisema kwamba mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamekufa kwa miezi miwili. Walijulikana kwa sababu kila mmoja alikuwa na shirika lake na daftari yake. Nilipoisoma habari ile nilimkumbuka karani wa Kivinje, nikafikiri juu ya mvuvi na mama muuza vitumbua, waliokufa miezi ile ile kwa kifua kile kile, nao hawakuwa na shirika.

Je, kitabu cha Christie kisomwe? Naam, kisomwe, na walimu wenzangu wanaojua Kiingereza wasikiogope. Mtu ataona ndani yake kwamba maradhi makubwa hayaanguki kutoka mbinguni wala hayatumwi na jirani mwenye wivu. Hufuata njia tulizozifungua wenyewe kwa haja zetu. Kijana aliyesoma hayo hatamshika mama mzee wa watu na kumwita mchawi kwa sababu kijiji kimeharisha. Atakwenda kutazama kisima. Kwa hilo peke yake tabibu astahili shukrani. Kasoro yake ni kwamba alitupa njia nzima, na vituo vyake, na miezi yake, akaacha katikati ya njia mahali peupe penye watu wengi kuliko mahali pengine pote, naye hakuonyesha kwamba amepaona kuwa peupe. Laiti angaliandika mstari mmoja tu kwamba hapa Kilwa waliokufa wakiwa wamefungwa hawakuhesabiwa, nami nimetafuta na sikupata, nisingalikuwa na neno naye.

Nilirudi kwa mzee mwezi wa pili. Nikamwambia, "Mzee wangu, kitabu hakina hesabu yao." Nikamweleza habari ya forodha, na 97,203, na jinsi ilivyoandikwa hata mtu wa tatu. Akaniomba nimtajie miaka. Nikamtajia, 1862 hata 1867. Akahesabu kwa vidole vyake, kizazi kwa kizazi, mama yake, bibi yake, mama wa bibi yake, kisha akasema, "Basi yeye alikuwamo humo." Akataka nimwandikie namba ile katika karatasi. Nikaiandika kwa wino, kwa mwandiko mkubwa kwa sababu ya macho yake, naye akaikunja akaitia katika kitabu chake cha sala.

Sasa nimeanza kuzitia kwa Kiswahili zile kurasa za Kilwa, kwa ajili ya darasa langu la juu. Kazi inakwenda polepole. Pembeni, penye nafasi, naandika maneno ya wazee wa hapa, kila neno na jina la aliyelisema, na wa kwanza wao ni mama wa bibi yake yule mzee, kwa jina alilopewa Nyasa, si lile aliloitwa Kivinje.